Okidi Haitaki Udongo: Niliyoyapitia Nikiitunza Entebbe

Maelekezo mengi ya kutunza okidi ndani ya nyumba yameandikwa kwa watu wa nchi za baridi. Yanakuambia uiweke kwenye dirisha linalotazama kusini, uinyunyizie maji kila mara kwa kuwa chumba chenye kipasha joto hukausha hewa, na uikinge na theluji. Sisi tulio Uganda hatuna kipasha joto wala theluji, na dirisha la kusini kwetu lina habari zake tofauti kabisa. Mimi naishi Entebbe, karibu na Ziwa Viktoria, mahali ambapo hewa ina unyevu karibu mwaka mzima. Okidi yangu ya kwanza ilitunzwa kwa maelekezo hayo, ikaoza. Ya pili iko hai hadi leo na imeshachanua zaidi ya mara moja. Nataka nieleze kilichotokea kati ya hizo mbili, maana fedha zilizopotea si kidogo, na huzuni yake pia si ndogo kama mtu anavyoweza kudhani.

Okidi ninayoizungumzia ni ile yenye maua mapana bapa, meupe au ya zambarau, yanayojipanga kwenye kikonyo kimoja kirefu kilichopinda. Jina lake la kitaalamu ni Phalaenopsis. Asili yake ni misitu ya joto ya Asia, Ufilipino na Indonesia na visiwa vya jirani, ambako huota juu ya matawi ya miti mikubwa. Hainyonyi utomvu wa mti. Inalishika gome kwa mizizi yake, inakunywa mvua inayoteremka, kisha upepo unaikausha kabla ya mvua nyingine kuja. Kulowa na kukauka, kulowa na kukauka, hayo ndiyo maisha ya mizizi yake. Ukilielewa hilo, mengine yote nitakayoyasema utaweza kuyafikia mwenyewe.

Niliinunua mwaka ule Mama alipovunjika nyonga. Alikuja kututembelea kutoka Tanga, akateleza bafuni, akafanyiwa upasuaji, na baada ya hapo akawa wa kulala tu katika chumba chetu cha nyuma. Mama ni mtu wa maua. Uani kwake Tanga kuna asumini na mkilua, na jioni hakosi kikuba kifuani. Kumwona akitazama ukuta mtupu siku nzima kuliniuma. Nikaenda Kampala kumtafutia kitu chenye ua, kitakachokaa karibu na kitanda chake bila kudondosha majani wala kuleta wadudu. Okidi nyeupe iliyochanua nusu, katika chungu cheupe cha udongo wa kuchoma, niliambiwa ni shilingi laki moja na themanini elfu. Nililipa. Muuzaji akaniambia niipe kikombe kimoja cha maji kila baada ya siku mbili, nikaipakata kwenye taksi hadi Entebbe.

Leo ningeweza kuitazama okidi ile pale pale dukani na kuiacha. Chungu chake cha urembo hakikuwa na tundu chini. Ndani yake kulikuwa na kikopo cha plastiki, na ndani ya kikopo mizizi ilikuwa imeshindiliwa majani makavu ya kinamasi, yale laini yanayofyonza maji na kukaa nayo kwa muda mrefu. Katika nyumba yenye kipasha joto majani hayo hukauka kwa siku chache. Entebbe, msimu wa mvua za Machi hadi Mei, hayakauki. Kwa hiyo ukienda kununua, usishangae maua kwanza. Mwombe muuzaji akutolee kikopo nje ya chungu. Itazame mizizi: iliyo mizima ni minene na migumu, ya kijani ikiwa imelowa, ya rangi ya fedha ikiwa kavu. Iliyo ya kahawia na laini imeshaoza. Shika jani la chini, liwe gumu. Tazama pale majani yanapokutana katikati, pasiwe na weusi wala maji yaliyotuama. Nusa. Okidi nzima hainuki kitu, iliyooza hunuka kama dimbwi. Na kama muuzaji hataki kukitoa kikopo, nenda zako.

Kwa wiki kadhaa za mwanzo yote yalikuwa heri. Maua yalifunguka moja baada ya jingine, na ua la okidi hii hukaa miezi miwili, hata mitatu. Mama alikuwa akiniambia asubuhi lipi limefunguka usiku. Ndiyo maana hatukuona hatari mapema: kikonyo kilikuwa bado kinang'aa ilhali mizizi ilikuwa imekwisha. Kisha majani yakaanza kulegea na kufanya makunyanzi. Jani lililolegea, kila mtu anayelima anajua, ni jani lenye kiu. Tukaongeza maji.

Hapa ndipo okidi nyingi zinapofia, na naomba usome taratibu. Okidi iliyooza mizizi na okidi yenye kiu huonekana sawasawa juu, kwa sababu zote mbili hazipati maji: moja hayapo, nyingine yapo lakini mizizi ya kuyanywa haipo. Huwezi kujua kwa kutazama majani. Lazima utazame mizizi.

Mama naye alikuwa na lake. "Mwanangu, mmea gani huu usiokula udongo? Utie udongo na samadi, uone kama hautasimama." Msichana anayetusaidia kazi, kwa huruma tu, akautia udongo mweusi wa bustanini. Haukumaliza mwezi. Siku nilipoung'oa kuutupa, Mama aligeukia ukutani, na mimi nilitoka nje nikalia, na kilio kile hakikuwa cha mmea peke yake.

Aliyenifungua macho ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Zamani alikuwa dereva wa malori ya Mombasa, na Kiswahili chake ni cha barabara ile. Siku hizi analima vanila huko Mukono. Alikuja kumjulia hali Mama, akaona mabaki ya okidi kwenye ndoo ya taka. Akauokota mzizi mmoja, akaubana kwa vidole viwili na kuuvuta. Ngozi ya nje ikatoka nzima, laini, ikabaki mkononi mwake, na ndani ukatokea uzi mwembamba mgumu.

"Mulamu," akaniambia, ndivyo tunavyoitana kwa Kiganda, "huyu ni ndugu wa vanila. Hata vanila ukiizika kwenye udongo uliogandamana, mizizi yake inakufa hivi hivi. Sisi tunailaza juu ya majani makavu, maji yapite, hewa ipite."

Sikujua kwamba vanila ni okidi. Ni okidi kweli, asili yake Mexico, na wakulima wa Mukono, Kayunga na Bundibugyo wanaishi nayo kila siku. Ua lake hufunguka asubuhi moja tu, na mkulima lazima alichavushe kwa mkono kwa kutumia kijiti chembamba. Mbinu hiyo ilibuniwa mwaka 1841 na Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12 katika kisiwa cha Réunion, na ndiyo inayotumika mashambani hadi leo. Nasema haya kwa sababu Uganda tunaiona okidi kuwa kitu cha hotelini, cha wageni, hatuna wa kumuuliza. Kumbe wa kuuliza wapo. Ukiwa na jirani au ndugu anayelima vanila, mwonyeshe mizizi ya okidi yako. Atakuambia mengi kuliko muuza maua.

Ya pili niliinunua mahali pengine, ikiwa imemaliza kuchanua, kwa bei iliyokaribia nusu ya ile ya kwanza. Nawashauri wote wafanye hivyo. Isiyo na maua huwezi kudanganyika nayo. Unanunua mizizi na majani, yaani mmea wenyewe.

Siku ile ile niliitoa katika majani ya kinamasi. Ilinibidi kuloweka mizizi katika maji ya uvuguvugu na kuyachomoa majani hayo kidogo kidogo kwa vidole, maana katikati kabisa huwa wameficha kifurushi kigumu cha majani hayo kilichotumika mche ulipokuwa mdogo. Kifurushi hicho ndicho hubaki kimelowa daima, hata pembeni pakikauka. Wembe niliupitisha kwenye moto wa kiberiti kabla ya kukata kila mzizi uliooza, na palipokatwa nikapaka unga wa mdalasini, ambao hukausha jeraha. Usiupake kwenye mizizi mizima, utaikausha nayo.

Cha kupandia, hakuna haja ya kuagiza kitu kutoka nje. Magome ya msonobari yanapatikana kwa wauza mbao. Mimi niliyapata Ndeeba, Kampala, karibu na bure, kwa sababu kwao ni taka. Unayakata vipande vya ukubwa wa kucha ya dole gumba, unayachemsha ili kuua wadudu na kupunguza utomvu, kisha unayaanika. Cha pili, kwa kiasi cha nusu ya magome, ni makaa ya kawaida ya sigiri, ya mti mgumu, yaliyovunjwa na kuoshwa hadi maji yatoke meupe, maana majivu yana chumvi zinazounguza mizizi. Cha tatu ni makumbi ya nazi, konzi moja tu, ya kushika unyevu kidogo.

Makumbi ndiyo yaliyomfanya Mama aketi kitandani. "Hayo si makumbi? Lete hapa." Akayachambua kwa mikono yake mwenyewe. Ni yeye aliyenikumbusha kwamba pwani makumbi hufukiwa kwenye matope ya bahari kabla ya kutwangwa, na kwamba hata yasiyofukiwa huwa na chumvi. Nazi zinazouzwa Kampala zinatoka pwani. Kwa hiyo tuliyaloweka katika maji baridi, tukayamwaga, tukayaloweka tena, hadi maji yakawa hayabadiliki rangi. Ukiyatumia bila kuyaosha, ncha za mizizi zitakuwa nyeusi kabla hujajua kosa liko wapi.

Chombo nacho kina maneno yake. Mizizi ya okidi hii ina rangi ya kijani kwa sababu nayo inapokea mwanga na kujitengenezea chakula, kama majani. Chombo kinachopitisha mwanga kinaifaa, na wewe kinakupa dirisha la kuiona. Nilikata chupa ya maji ya lita tano, nikapasha msumari moto na kuitoboa chini na ubavuni kote. Haina urembo. Mgeni akija naiingiza ndani ya kikapu cha ukindu, akiondoka naitoa.

Baada ya kupanda upya sikuipa maji kwa siku chache ili majeraha yafunge. Tangu hapo sijui tena habari za kikombe kila siku mbili. Natazama mizizi kupitia plastiki. Ikiwa kijani, naiacha. Ikigeuka rangi ya fedha yote, na chupa ikiwa nyepesi mkononi, naipeleka kwenye karai, naimwagia maji ya mvua kutoka tangi hadi yachuruzike chini kwa wingi, naiacha ichuje kabisa, nairudisha mahali pake. Mwezi Januari, jua likiwa kali, inataka maji mara mbili kwa wiki. Mwezi Aprili, mvua zikiwa zimeshika, hata siku kumi zinapita. Kalenda haiwezi kujua hilo.

Mwagilia asubuhi, usimwagilie jioni. Na maji yakiingia pale katikati majani yanapokutana, yafyonze kwa pembe ya kitambaa au karatasi ya chooni. Mmea huu una kichipukizi kimoja tu cha kukulia, kiko hapo katikati. Maji yakilala humo usiku mmoja wa baridi, kinaoza, na jani jipya halitoki tena. Porini haipati shida hiyo kwa sababu inaota ikiwa imeinama kutoka kwenye tawi, mvua inamwagika yenyewe. Ndiyo maana na yangu niliipanda ikiwa imeegemea upande kidogo. Wengi hunyoosha mmea wima kwa kuupenda, na ndivyo wanavyoutengenezea kisima kichwani.

Sasa madirisha. Entebbe iko karibu kabisa na Ikweta, na jua letu halikai upande mmoja. Kuanzia mwisho wa Machi hadi Septemba linapita upande wa kaskazini. Kuanzia mwisho wa Septemba hadi Machi linapita kusini. Kwa hiyo dirisha lililokuwa na kivuli kizuri mwezi Desemba linaweza kuingiza jua moja kwa moja mwezi Juni, na wewe hukuhamisha kitu. Jani la okidi yangu lilipata baka jeupe kwa namna hiyo, likawa kahawia na kukauka, na baka hilo haliponi. Dirisha la mashariki ndilo lenye amani: jua la asubuhi ni pole mwaka mzima. La magharibi liwe na pazia jepesi. Jani lenyewe litakuambia kama umepata: kijani cha nyasi changa ni sawa, kijani kizito cha mchicha ni mwanga mdogo, na unjano au wekundu ni jua jingi.

Majani yalisimama. Mizizi mipya ikatokea, yenye ncha za kijani zinazong'aa, mingine ikapanda juu na kuning'inia hewani. Usiikate hiyo wala kuishindilia ndani, ndiyo desturi yake. Jani jipya likaja, kisha jingine. Lakini ua? Hakuna. Mwaka ukapita, na zaidi. Mama alikuwa ameanza kutembea kwa gongo, akawa anakuja kuitazama na kuniuliza, "Hii dume nini?"

Sababu iko kwenye joto. Okidi hii huambiwa na ubaridi kwamba wakati wa kuchanua umefika. Wakulima wakubwa wa Taiwan na Uholanzi hulitumia jambo hilo kwa makusudi: wakitaka majani tu, huiweka kwenye joto la nyuzi 28 hivi, wakitaka maua, huishusha chini ya nyuzi 25 kwa wiki kadhaa. Chumba cha Mama kiko chini ya mabati bila dari. Mchana kinaiva, na usiku tulikuwa tukifunga madirisha kwa ajili ya mbu, kwa hiyo joto la mchana lilibaki ndani hadi alfajiri. Nje, kumbe, usiku wa Entebbe huteremka hadi nyuzi 17 au 18, na miezi ya Julai na Agosti hata mchana huwa na ubaridi. Baridi tuliyoihitaji ilikuwa upande wa pili wa ukuta.

Julai ile tuliitoa barazani, upande usiopigwa na jua la mchana wala mvua, ikalala huko usiku na mchana. Kabla ya Agosti kwisha, chini ya jani la tatu pakatokea kinundu cha kijani. Kama hujawahi kukiona, hutakitofautisha na mzizi. Ncha ya mzizi ni ya mviringo, laini na inang'aa, na huelekea chini au pembeni. Ncha ya kikonyo cha maua ni bapa kidogo, ina magamba, na huelekea juu kwenye mwanga. Kikishaanza, usiugeuze mmea tena, maana kitajipinda kufuata mwanga na maua yatatazama kila upande.

Kikonyo kiliota hadi kikapita urefu wa mkono wangu, na matumba yakajipanga, makubwa chini na madogo juu. Mvua za mwisho wa mwaka zilipozidi tukaurudisha mmea ndani, kwenye ukumbi wa kulia chakula. Na hapo ndipo lilipotupata jambo ambalo sikulikuta katika maelekezo yoyote. Baba mkwe alituletea mkungu wa ndizi za bogoya, tukautundika kwenye kona ile ile ili uive. Ndani ya siku chache matumba yakaanza kuwa ya njano kuanzia kwenye kikonyo chake, na ukiligusa moja linadondoka mkononi. Karibu yote yalianguka. Yalisalia mawili ya juu kabisa.

Ndizi inapoiva hutoa gesi iitwayo ethilini. Ndiyo inayoivisha ndizi nyingine zilizo jirani, na ndiyo hiyo hiyo inayoliambia tumba la okidi lijiangushe. Maembe, parachichi na mapapai nayo hutoa gesi hiyo. Moshi pia huwa nayo, wa sigiri na hata wa chetezo, na kwetu kila Alhamisi jioni Mama hufukiza udi. Katika nyumba ya Uganda ndizi mbivu haikosekani, kwa hiyo naona hili ni jambo kubwa kuliko mbolea na dawa zote. Tumba likishaonekana, ndizi zihamie jikoni na udi ufukizwe chumba kingine, dirisha likiwa wazi. Msimu uliofuata tulifanya hivyo, na matumba yote yalifunguka.

Mbolea sitaikalia sana. Usitumie NPK ya chenga ya mahindi au kahawa, itaunguza mizizi. Tafuta mbolea ya majani ya kuyeyusha kwenye maji, ile wakulima wanayoiita busta, ambayo maduka ya pembejeo ya Container Village, Kampala, yanayo. Tumia robo ya kipimo kilichoandikwa, mara mbili kwa mwezi mmea ukiwa unakua, na mara moja moja uisuuze mizizi kwa maji matupu. Wadudu waliotusumbua ni vidung'ata, wale weupe wenye unga wanaojificha chini ya majani na kwenye vifundo vya kikonyo. Pamba iliyochovywa kwenye spiriti inawamaliza, lakini rudia kila wiki kwa muda, na uangalie sisimizi, kwa kuwa ndio wanaowalea na kuwabeba. Barazani, msimu wa mvua, konokono hula ncha za mizizi usiku. Pita na tochi uwaokote. Wenye watoto wadogo na paka nyumbani wasiwe na hofu, okidi hii haina sumu, tofauti na ua jingine la ndani liitwalo anthurium, ambalo utomvu wake huwasha mdomo na koo.

Watu walipojua ninazo okidi, alikuja kijana akitaka kuniuzia nyingine zilizong'olewa msituni, zikiwa bado na vipande vya gome. Uganda tunazo okidi zetu nzuri sana, kama Ansellia africana yenye maua ya njano na madoa ya kahawia, na inaumiza kuona zikitembezwa kwenye gunia. Sikununua, na nawaomba msinunue. Familia nzima ya okidi inalindwa na CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini, ambao Uganda ni mwanachama, na zaidi ya sheria, iliyong'olewa porini huwa imeacha mizizi yake mingi kwenye mti na mara nyingi hufia ndani ya nyumba. Anayetaka kuziona aende Bustani ya Mimea ya Entebbe, iliyoanzishwa mwaka 1898. Mama nimempeleka huko akiwa na gongo lake, akakaa kwenye benchi chini ya miti ile mikubwa, akaniambia sasa ameelewa kwa nini mmea ule ulikataa samadi yake.

Maua yakiisha, usitupe mmea. Kama kikonyo bado ni cha kijani na mmea una majani manne au zaidi yenye nguvu, kikate juu kidogo ya kifundo cha pili au cha tatu kuanzia chini. Mara nyingi tawi jingine la maua hutoka hapo. Kama mmea umechoka au kikonyo kimekuwa cha kahawia, kikate chote karibu na shina na uuache upumzike. Magome nayo hubadilishwa kila mwaka mmoja na nusu hivi, kwa sababu kwa unyevu wetu huoza upesi kuliko ilivyoandikwa kwenye vitabu.

Na kama laki moja na zaidi ni fedha usiyoweza kuiweka kwenye ua, zungumza na watu wanaopamba hoteli na kumbi za harusi za Kampala na Entebbe. Okidi zao zikimaliza kuchanua, wengi huzitupa. Yangu ya tatu niliipata hivyo kwa shilingi elfu kumi, ikiwa na mizizi mizima sita na jani moja lililovunjika, na sasa iko barazani inasubiri Julai.